Usimpigie Lameki

Stendi ya Bukoba ilikuwa inachemka, lakini simu ya yule kaka mwenye shati la drafti iliwashinda kelele wapiga debe wote.

"Kaka, hiyo ni simu au kengele ya kanisa?" Kokushubila alimtania, mkono mmoja ukishika gauni lake la njano lisipeperushwe na upepo wa ziwani.

"Ni wachumba, dada. Wote wanataka nikawawashie kompyuta."

Wakacheka mpaka basi la Muleba likataka kumwacha yule kaka. Wakabadilishana namba mlangoni.

Jumatatu Koku alianza kazi, mkuu mpya wa kitengo cha TEHAMA cha kampuni ya kununua kahawa. Kwenye kikao cha kwanza, kumbe shati la drafti lilikuwa limekaa mstari wa mbele: Lameki, fundi wa tawi la Muleba.

Jioni walipendana kwa simu. Mchana palikuwa moto. Mfumo wa kompyuta ulianguka kila mara, wakulima wakilala na magunia kwenye mizani. Mkurugenzi alishatamka: ukianguka tena usiinuke siku hiyohiyo, kitengo kinavunjwa, wote nyumbani.

Koku aliuona ugonjwa. Ofisi zote zikikwama zilimpigia Lameki. Lameki akiwa msibani, na kahawa inafiwa. Akamwagiza awafundishe wenzake kila anachokijua, mafunzo yalipoisha akabandika tangazo milangoni: USIMPIGIE LAMEKI. PIGA NAMBA YA KITENGO.

"Mpenzi, umenibandika kama mwizi wa kuku?"

"Nakupumzisha, baba."

"Nifundishe watu, halafu unifukuze. Sema tu, bosi."

Hilo "bosi" lilimchoma Koku. Kesho yake Lameki alichukua likizo, akaenda kwao Izigo, akazima simu.

Alhamisi mfumo ukaanguka.

Muleba foleni ya magunia ilifika barabarani. Bukoba, mkurugenzi alisimama mlangoni pa kitengo, mikono nyuma. Agnetha, fundi mdogo kuliko wote, alinong'ona, "Bosi, tumjaribu Lameki? Labda kawasha simu."

Kidole cha Koku kilikuwa tayari juu ya jina lake. Akaiweka simu kifudifudi.

"Alikufundisha nini cha kwanza?"

"Nisiguse kitu mpaka nijue kipi kimekufa."

"Anzia hapo."

Jaribio la kwanza likagoma. La pili nalo. Agnetha akajifuta jasho kwa kitenge, akarudia. Jua likiwa bado juu, Muleba wakapiga: mizani inasoma! Vigelegele vikapasua spika.

Izigo, Lameki aliwasha simu akitegemea kelele. Akakuta ujumbe mmoja wa Agnetha: "Mwalimu, mfumo ulianguka. Tumeuinua." Moyo ukamuuma kidogo, wivu wa fundi. Mama yake akaitazama sahani yake ya ndizi, ebitoke za nyumbani.

"Leo umemaliza! Miaka yote unaachia katikati, unakimbilia simu."

Lameki akaitazama sahani tupu, akakumbuka: "Nakupumzisha, baba."

Ijumaa namba ya kitengo ikalia. Koku akapokea.

"Kitengo cha TEHAMA, tukusaidie nini?"

"Nina tatizo, waitu," sauti ya Lameki ikabembeleza kwa Kihaya. "Nimemnunia mtu aliyetaka nile nimalize."

Agnetha akasogeza kiti asikie.

"Tatizo lilianza lini?"

"Stendi ya Bukoba."

"Umejaribu nini?"

"Nimezima, nimewasha. Bado nampenda."

"Sasa unataka tukufanyie nini?"

"Nije kwenu Hamugembe na wazee wangu, tulete posa, tupokelewe."

Koku akageukia ukutani, Agnetha asimwone macho.

"Ombi limepokelewa," akasema. "Ila siku hiyo simu uiache Izigo."