Sebule Nyeupe Isiyokaliwa na Mtu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka sabini na moja. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani Bunda, na sasa naishi kijijini kwetu Butiama katika nyumba kubwa... peke yangu!

Kosa ni langu. Nilipostaafu, niliona kwenye simu picha za nyumba ya shamba huko Ulaya, wakati wa theluji. Ndani kila kitu kilikuwa cheupe, na vitu vyenyewe vichache. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, baada ya kelele na vumbi la kazini, nami nitaishi hivi.

Nikapaka rangi nyeupe. Marumaru nyeupe, makochi meupe, mapazia meupe. Vigoda, ngozi ya ng'ombe, vibuyu vya mke wangu Nyangeta, hata picha za wazazi ukutani... vyote stoo!

Nyangeta alisimama katikati ya sebule akacheka. "Mzee, hii ni nyumba au wodi? Mgonjwa nani?"

Sikucheka. Wajukuu nikawakataza kuingia. Dada yangu alipoleta samaki sato kutoka Musoma, tulimlia jikoni kama watoto walioadhibiwa.

Kisha mdogo wangu akafariki. Kwetu matanga hukaa kwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa ni mimi. Wafiwa hulala chini sebuleni, wamebanana, wakifarijiana. Nilijua hayo yote. Lakini nilikodi turubai, nikaifunga sebule kwa ufunguo!

Siku ya pili, mchana, mvua ikashuka. Turubai likalemewa na maji, likaanguka. Wazee na watoto wakakimbilia barazani, wamelowa, miguu imejaa udongo mwekundu. Nyangeta akaniomba ufunguo mbele ya watu wote. Mimi nikaitazama ile miguu... nikasema wangoje kidogo, mvua itakatika.

Mjane wa marehemu akaniangalia. "Shemeji, humo ndani anaingiaga nani?"

Akakunja mkeka wake, akajitosa mvuani kwenda kwake, na msiba wote ukamfuata. Nyangeta alikuwa wa mwisho. Hakugeuka nyuma.

Matanga yalipokwisha, alikwenda moja kwa moja kwa mtoto wetu anayeishi Nyasho, mjini Musoma. Nilimfuata, nikaomba radhi. Akanikaribisha chai, akaniuliza hali, ila kurudi akakataa. Alisema hawezi tena kuwatazama mashemeji zake usoni akiwa mke wa nyumba ile.

Juzi mwanangu alikuja kuchukua nguo za mama yake. Akasimama mlangoni. Nikamwambia aingie tu, na viatu vyake, tena nikamshika mkono.

"Hapana, baba," akasema kwa upole. "Nitakuchafulia. Niletee hapahapa."

Nikamletea. Nilizikunja mwenyewe, moja moja, nikilia... mzee mzima!

Ndugu zangu, pambeni nyumba zenu mpendavyo. Lakini watu wenu wakija na msiba, fungueni! Sakafu hudekiwa ikang'aa tena. Ile aibu niliyompa mke wangu mbele ya wafiwa, nitaidekije?