Aliyetazama Sinema Bila Kulia

Jumamosi ile, sinema ya alasiri ilipokwisha, watu walimiminika nje ya ukumbi wa Mhindi pale Bukoba mjini wakifuta machozi kwa kanga, kwa mikono ya mashati, wengine hata kwa kofia. Kihindi walichokijua ni kile cha dukani tu. Lakini mama wa kwenye picha alikuwa amekufa akimwita mwanawe, na kilio hakihitaji mkalimani. Mlangoni pakawa hapapitiki, na Joviana Kokugonza, mwalimu wa shule ya Izigo, akasukumwa hadi kifuani mwa kijana mmoja mrefu, suti ya kaki, tai nyekundu, penseli sikioni.

"Pole, dada! Nimekukanyaga?"

"Sijui." Joviana akainama kutazama kiatu chake cheupe. Kilikuwa na alama ya soli. "Naona umenikanyaga."

Kijana akacheka mpaka tai ikatikisika. "Mimi ni Ishengoma. Ndimi ninayeandika 'Pazia Jeupe' katika gazeti la Taa ya Ziwa. Wapenzi wa sinema mji huu hawakati tikiti kabla ya kunisoma! Haya niambie, picha umeionaje?"

"Wameimba sana."

"Basi?"

"Na yule mama alipokuwa maiti alikuwa anapumua. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka."

"Ukumbi mzima unalia, wewe unatazama tumbo la maiti!" Ishengoma akaichomoa penseli. "Jumamosi ijayo ukae karibu na mimi, tafadhali. Nahitaji mtu kama wewe."

Hakujua anaongea na mtu wa namna gani. Tangu mama yake azikwe mwaka uliotangulia, Joviana alikuwa amekufa ganzi mwili na roho. Hakuwa na huzuni, wala furaha. Alifundisha, alifua, alimpikia baba yake, akala kwa sababu saa ya kula imefika. Sinema aliipenda kwa jambo moja tu: gizani hakuna anayekuuliza unaendeleaje.

Jumamosi iliyofuata alikaa karibu naye. Na nyingine, na nyingine. Zilikuja picha za Bombay, ikaja hata moja ya Kitaliano ambayo Mhindi mwenyewe hakuielewa. Ishengoma alinunua senene, wale panzi wa msimu, wa kukaanga katika jani la mgomba, akamwekea mapajani.

"Mwanamke wa Kihaya anakula senene mbele za watu!" alimnong'oneza. "Zamani ilikuwa mwiko. Bibi yangu angezimia."

"Kumbe ni senene?"

"Ulidhani ni nini, mpenzi?"

"Sikuwa nimefikiria."

Neno lile "mpenzi" lilipita hivihivi, wala Joviana hakulirudisha. Hakujua kama anampenda. Alichojua ni kwamba kila Ijumaa jioni alilipiga pasi gauni lake la buluu lenye kola nyeupe, akimaliza analipiga tena. Mtu mwingine angeshajua hayo ni maradhi gani.

Ishengoma yeye alikuwa amekwisha. Alimpenda wazi, bila aibu, na kama wapenzi wengi wenye kalamu, akashindwa kunyamaza. Mwezi wa Novemba "Pazia Jeupe" ikatoka hivi: "Picha hii imewaliza wote, isipokuwa mwalimu mmoja mrembo wa Izigo. Mama anazikwa, yeye anatafuna senene, macho makavu kama kahawa iliyoanikwa. Wasomaji, mnisaidie: mwanamke huyu analizwa na nini?"

Alidhani ni utani wa mapenzi. Alidhani Joviana atacheka.

Izigo hakucheka mtu. Gazeti lilisomwa kwa sauti nje ya kanisa baada ya misa, na waliokuwapo kwenye mazishi wakatazamana. Siku ile mabinti wote wa ukoo walipiga yowe, isipokuwa huyu mmoja, binti wa marehemu mwenyewe. Shangazi yake Klaudia alimfinya mkono mpaka damu ikavilia, machozi hayakutoka. Watu walisema alimchukia mama yake. Wengine walisema makubwa zaidi. Maneno yalikuwa yameanza kupoa, na sasa yamepigwa chapa.

"Hata gazeti limeona," Klaudia alisema, akakunja kanga yake na kuondoka.

Joviana aliusoma ukurasa ule mara moja, akausukuma mezani. Hakukasirika. Ila gauni la buluu alilirudisha sandukuni.

Ishengoma alimngoja ukumbini Jumamosi mbili, kisha akatuma neno kwa Uledi, dereva wa basi: Jumatano Joviana aende ofisi ya chama cha kahawa, Muleba, angoje simu yake. Joviana alikwenda.

"Mwalimu wangu! Malkia! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona umenitupa? Hukuiona safu yangu? Niliandika juu yako!"

"Niliiona. Ishengoma, mama anayezikwa alikuwa wangu. Sikulia. Kijiji kizima kinajua, na sasa na Bukoba inajua."

Sauti ya Ishengoma ikarudi ndogo. "Sikujua. Naapa, Joviana. Nitaandika kuomba radhi."

"Usiandike kitu."

"Basi nije?"

"Usije."

Akakata. Karani wa kahawa alimtazama usoni akitafuta cha kusimulia, akakosa.

Jumapili Ishengoma akaja vilevile, kwa baiskeli, matope mpaka magotini, tai imehamia begani. Mzee Buberwa, baba yake Joviana, alimkaribisha kama mgeni yeyote, akamwekea kahawa ya kutafuna.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiye mimi, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Nimekuja kuomba radhi." Akamgeukia Joviana aliyesimama mlangoni. "Nikwambie ukweli. Mimi mwenyewe sijawahi kulia mle ndani. Huwa nakaa upande nikitazama watu, halafu naandika machozi yao kama yangu. Picha mbovu naisifu ili Mhindi aniingize bure. Wewe ndiye mtu wa pekee mle ndani asiyedanganya, nami nikakufanyia mzaha."

Joviana aliingia jikoni, akaleta ndizi na maharage, akawapakulia. Akakaa, mikono magotini.

"Kula. Halafu unipe maoni yako, mwandishi. Chakula changu kikoje?"

Ishengoma alitia tonge mdomoni. Akatafuna polepole, akaacha. Mzee Buberwa alimtikisia kichwa kidogo sana: usiseme. Kijana aliliona lile, akaelewa pia kwamba akidanganya hapa, asikanyage tena Izigo.

"Chumvi imezidi," alisema. "Imezidi mno, Mwalimu. Hakiliki."

Mzee alifumba macho. Joviana akamega, akaonja. Mwanzoni hakuna kitu, kama siku zote. Kisha ulimi ukachomeka, mate yakajaa, akakunja uso.

"Tata! Tangu lini?"

"Tangu tumzike mama yako."

"Mwaka mzima? Unakula tu, husemi?"

"Ulikuwa unapika," mzee alijibu. "Ilinitosha."

Joviana alimtazama yule baba, midomo imekauka kwa chumvi ya mwaka mzima. Akacheka. Kicheko kikavunjika katikati, na kilichofuata kilitoka tumboni, yowe lile lililochelewa, likatoka nje ya nyumba, likapita kibanja chote cha migomba mpaka ng'ambo. Majirani walikuja mbio, majembe mikononi, Klaudia mbele yao anahema.

"Nani amekufa? Buberwa, nani amekufa?"

Mzee aliinuka, akasimama mlangoni.

"Mama yake Joviana," alisema.

Klaudia alivua kanga ya kichwani, akaingia ndani, akakaa chini kando ya binti wa kaka yake, akalia naye.

Jua lilipoelekea kuzama, Joviana alimsindikiza Ishengoma mpaka barabarani, macho yamevimba, pua nyekundu. Hakuwa mrembo wa gazetini saa ile. Ishengoma aliishika baiskeli, penseli bado sikioni.

Joviana akaichomoa, akaitia katika mfuko wa gauni lake.

"Jumamosi usije na hii," alisema. "Njoo na wazee wako."