Pawasaplai ya Marehemu Anyisile

Mshale wa mita ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena. Na kwenye matundu ya kutolea umeme hakuna hata waya mmoja uliokuwa umeunganishwa. Ambilikile, mwalimu wa fizikia kule Ikolo, akacheka peke yake. Kitu cha mtumba, akasema, hakikosi ugonjwa wake.

Mashine yenyewe ilikuwa pawasaplai ya mezani, ile inayompa fundi umeme mdogo wa kujaribia vitu vyake: unazungusha kitufe, unapata volti tatu, tano, kumi na mbili, utakavyo. Ambilikile alikuwa na uraibu wa kuunda redio ndogo na taa za kujiwasha zenyewe, na miaka yote alitegemea betri chakavu za pikipiki. Aliposikia kwamba Anyisile, fundi redio wa Matema, amefariki na ameacha pawasaplai nzima, akaenda huko siku ya nne ya msiba. Siku ya nne, jamani! Matanga hayajaanuliwa, mrithi hajatajwa, wanawake bado wanalala chini, na yeye yuko nyuma ya nyumba ananong'onezana na Dickson, mpwa wa marehemu, aliyekuwa na haraka ya kuuza. Kila mtu huku anajua kwamba chombo cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ukoo haujakaa. Ambilikile naye alijua. Lakini mtu mwenye uraibu wake utamwambia nini?

Siku ya pili tangu ailete nyumbani ikaanza harufu: tope la ziwani na lehemu iliyoungua, wakati hakuna aliyelehemu kitu. Mkewe, Atupele, akadeki sebule mara tatu, haikutoka. Siku hiyohiyo binti yao Kisa, wa miezi kumi na minne, ambaye hata kusema "mama" kulikuwa bado kunamshinda, akaacha kulia. Homa hakuwa nayo. Mwili ulikuwa wa baridi tu, na macho yake hayakutoka kwenye meza ya baba yake. Zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu, wakawarudisha nyumbani.

Atupele ndiye aliyegundua. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali nje, amempakata mtoto karibu na meza.

"Baba Kisa," alinong'ona. "Tazama kifua chake. Sasa tazama mshale."

Mtoto akivuta pumzi, mshale unapanda. Akiitoa, unashuka.

"Inamnyonya mwanangu. Izime."

Ambilikile akaanza kuzungusha kitufe kukirudisha sifuri, polepole, na kadiri volti zilivyoshuka ndivyo kifua cha mtoto kilivyozidi kutulia, nne, tatu, mbili, mpaka midomo ikawa ya kijivu, na Atupele akamtikisa na kumwita na kumpulizia usoni asijibu, na ndani ya lile boksi la bati kitu kikaanza kukwaruza kama kucha za mtu anayetafuta mlango gizani, na Ambilikile, ambaye kwa miaka kumi na moja amewaambia wanafunzi kwamba hakuna majini, akakirudisha kitufe hadi kumi na mbili huku akilia. Kisa akavuta pumzi.

Hawakuigusa tena. Waliogopa, waliogopa vibaya sana. Jioni gari la matangazo likapita: kesho saa mbili asubuhi umeme utakatwa kutwa nzima, nguzo zinabadilishwa.

Ambilikile akapanda bodaboda hadi Matema, akapiga magoti mbele ya Mzee Ambrose, mdogo wa marehemu, ambaye ukoo ulikuwa umemtaja mrithi siku ile. Akakiri yote. Mzee hakumgombeza.

"Kaka yangu alikuwa na jini lake, alilitoa ziwani," alisema kwa sauti ya chini. "Linakaa mle. Na hakuna aliyeliambia kwamba bwana wake amekufa."

Wakafika Ikolo asubuhi, imebaki nusu saa umeme ukatwe. Ambrose akanyunyiza maji ya ziwa, akaweka kiganja juu ya mashine. "Mwenye kazi amekufa," akasema. "Mimi ndiye mrithi. Twende nyumbani."

Akazima swichi.

Mshale ukalala. Kisa akapumua, akapumua tena, mashavu yakarudiwa na joto. Atupele akaangua kilio cha furaha, na Ambilikile akabaki kushukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo, mzee, ndaga fijo," hadi Ambrose akalikumbatia boksi na kutoka nalo.

Ndipo Atupele akauliza, lakini ilikuwa inamnyonya nini hasa? Ambilikile akafungua mdomo ajibu kama mwalimu, kisha akamgeukia mtoto. Mita ya pawasaplai haipimi kinachoingia. Inapima kinachotoka. Siku zote zile mashine haikumnyonya mtoto kitu. Ilikuwa inamjaza.

Kisa akateleza kutoka mapajani mwa mama yake, akatembea hadi mlangoni bila kushika popote.

"Mrithi," akaita, kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Usijichoshe. Hilo boksi ni tupu."