Ndege Iliyokatazwa Kurudi

Sogeeni, jazeni mkeka. We mwenye muwa, tema kwanza. Hii haisimuliwi watu wakitafuna. Kimya. Haya.

Enzi za ruksa, maduka ya mtaa wa Mtanda yalipofurika redio na video, Bashiru fundi redio na rafiki yake Jerome walibuni mchezo wa vita barazani kwa Bashiru. Bahari waliichora mezani. Visoda ndio meli, vibati ndio ndege, na katikati pazia la kanga, mtu asione ya mwenzake. Taabu ilikuwa upelelezi. Ndege ikienda kuchungulia, lazima irudi kwanza ndipo mwamuzi, aliyekaa ubavuni mwa pazia, aseme imeona nini. Watazamaji wakapiga miayo, wakaenda zao kwenye video.

"Tutoe pazia," Bashiru akasema. "Tuweke mawingu. Na ndege isirudi, ibaki huko huko ikitazama."

Mawingu akayatafuta kwenye chetezo cha mkewe, Umi, mwenye mimba kubwa.

"Ubani huo, mume wangu," Umi akamwambia. "Ukiufukiza, kuna anayesikiliza. Usitume mtu mbele yake."

"Mtu gani? Hivi visoda na vibati tu, bibi we!"

Jioni akafukiza. Moshi ukatanda juu ya meza. Akasukuma kibati: "Nenda. Usirudi mpaka umeona kila kilichofichwa."

Kibati kikawa baridi vidoleni.

"Meli mbili, chini ya kiganja cha Jerome," ikasema sauti nyembamba kutoka darini.

Jerome akainua kiganja. Mbili.

"Umesema wewe?" akanong'ona.

"Mimi? Mate yenyewe yamenikauka, bwana."

"Yesu na Maria!" Jerome akavaa ndala, akaondoka bila kuaga.

Makaa yakazima, harufu isiishe. Kuanzia hapo, mchana kweupe, kitu kikawa kinavuma darini kama mbu aliyefungiwa koponi, kikitaja: sukari nyuma ya mtungi, pete ya marehemu mama mkwe chini ya godoro. Na alasiri moja Umi amejilaza, Bashiru ameketi pembeni yake, ule mvumo ukashuka darini, ukapita kwenye chandarua kana kwamba hakipo, ukazunguka kichwani kwa Umi, ukazunguka kifuani, ukateremka taratibu mpaka juu ya tumbo, ukasimama hapo, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu asubuhi akatulia tuli, na ile sauti ikasema kwa adabu kabisa:

"Nimemwona aliyefichwa. Hana jina bado. Nimlete?"

"Usimjibu!" Umi akamshika mumewe mkono. "Bashiru, usimjibu!"

Bashiru akatoka mbio pekupeku mpaka kwa Fundi Dadi, mganga wa mtaa ule ule. Mzee akafuatana naye, akaingia chumbani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Umemtuma kwa ubani, ukamkataza kurudi. Unadhani atakaa hewani mpaka lini? Mwite."

"Shehe, atatua wapi?"

"Kazi uliyompa ni kuona. Atataka jicho."

Bashiru akatazama tumbo la mkewe, halijatikisika. Akawasha makaa, akafukiza tena, akainama juu ya chetezo, jicho moja wazi. "Nimepokea habari zako. Rudi kwangu. Mwache mwanangu."

Moshi wote ukamwingia jichoni. Akapiga yowe. Mvumo ukakatika, na Umi akalia kwa furaha: "Kapiga teke!"

Bashiru aliishi miaka mingi na jicho moja jeupe. Alipofariki, vyombo vya kazi vilikwenda kwa Jerome, nyumba kwa Umi. Yule wa tumboni, aliyekuja kuitwa Binti, alirithi kuona kwa lile jicho. Nenda kwake leo kapige hodi: kabla hajafungua mlango, atakutajia ulichoficha kwenye pindo la kanga.