Hondohondo wa Shamba la Mihogo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Sikuzani alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kumsaidia mama yake kufukuza nyani waliovamia shamba la mihogo. Kwao kulikuwa Marui, upande wa Kisarawe, katika miaka ile ambayo Waingereza walikuwa wakitawala Tanganyika. Shule ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na paa la makuti. Darasa la nne lilifundishwa na Mwalimu Saburi, kijana mrefu aliyependa kusimama dirishani akisikiliza ndege wakati wanafunzi wake wakifanya hesabu.

Siku moja darasa lilikuwa likisoma kitabu kilichotoka ng'ambo, habari za mnyama mdogo aliyeficha njugu zake chini ya theluji. Walisoma kwa sauti moja, kama wanavyoimba. Walipofika mwisho, Sikuzani aliinua mkono.

"Mwalimu, theluji ukiikanyaga inalia, au inanyamaza kama mchanga?"

Mwalimu Saburi alifikiri kidogo. "Sijui, Sikuzani. Mimi pia sijawahi kuiona."

Baadhi ya wanafunzi walicheka. Mwalimu hakukasirika. Alikigeuza kile kitabu mkononi, akakiweka mezani.

"Tunasoma habari za wanyama ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewaona," alisema. "Na hawa wanaopita hapo nje hawamo katika kitabu chochote hapa shuleni. Labda sisi ndio tuwaandike."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kila mwanafunzi alipewa kiumbe mmoja wa kumchunguza karibu na kwao, na kila Alhamisi alisimama mbele ya darasa kueleza alichokiona. Mwalimu aliandika, akauliza, akaandika tena. Isihaka alipewa kinyonga. Sikuzani alipewa hondohondo, kwa sababu ndege hao wenye midomo mikubwa walikuwa na kiota katika tundu la mti pembeni mwa shamba la mama yake, chini kiasi cha mtu mzima kulifikia kwa mkono.

Mwanzoni Sikuzani alifurahi. Mlango wa tundu ulikuwa umezibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupita mdomo tu. Ndani alikuwamo jike. Dume alikuja na panzi, akampenyezea, akaondoka. Akarudi na tunda, akampenyezea, akaondoka. Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata vilevile. Sikuzani akachoka. Akaanza kukaa upande wa pili wa shamba, akichonga vijiti na kuimba, huku akitupia jicho kule mtini mara mojamoja.

Alhamisi ilipofika, Isihaka alieleza jinsi kinyonga wake alivyofyatua ulimi mrefu kuliko kiwiliwili chake na kumnasa nzi. Darasa zima lilishangaa. Kisha ikawa zamu ya Sikuzani. Alisimama, na ile habari ya panzi na matunda akaiona ndogo mno.

"Jike alitoka," alisema. "Jua lilipokuwa kali alitoka, akaenda kunywa maji kijitoni. Akarudi, akaingia, akajizibia mlango mwenyewe."

Mwalimu Saburi aliinua kalamu. "Ulimwona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hilo sijapata kulisikia," alisema mwalimu, na uso wake ukachangamka. Akaandika maneno yale yote.

Wiki ile habari ikaenea kwamba afisa wa elimu wa Dar es Salaam amekubali kuzitazama karatasi za Mwalimu Saburi. Zikimpendeza, zitapigwa chapa ziwe kitabu cha shule nyingi. Mwalimu alinakili kila kitu upya kwa mwandiko safi, na aliposoma ukurasa wa hondohondo mbele ya darasa, wanafunzi walipiga makofi. Sikuzani aliinamisha kichwa. Moyoni alijiambia kwamba hakuna mtu atakayepoteza siku yake kumkagua ndege.

Mwalimu alikuwa asafiri Jumamosi. Ijumaa alasiri ilinyesha mvua kubwa ya upepo. Asubuhi yake Sikuzani na mama yake, Bi Mwanajuma, walipofika shambani, walikuta tawi kubwa limeanguka na kuvunja ukuta wa udongo wa kile kiota. Tundu lilikuwa wazi.

Bi Mwanajuma alichungulia kwa tahadhari. Jike alikuwa amejikunyata ndani juu ya mayai yake, akitishia kwa mdomo. Mabawa yake yalikuwa na vijiti vifupi tu mahali pa manyoya marefu.

"Masikini, amenyonyoka," alisema Bi Mwanajuma. "Kumbe ndiyo sababu dume hachoki kumtafutia chakula. Huyu hata ukimfungulia mlango hawezi kuruka kwenda popote."

Sikuzani aliikumbuka safari ya kijitoni aliyoitunga, na karatasi zilizokuwa njiani kwenda kupigwa chapa.

"Mama," alisema polepole, "nilimwambia mwalimu kwamba nilimwona akitoka. Sikumwona. Na ameandika."

Mama yake alimwonyesha njia kwa kidole. "Basi wahi barabarani. Lori likishaondoka na maneno hayo, hutakuwa na pa kuyafuatia."

Sikuzani alikimbia. Alimkuta Mwalimu Saburi amevaa kanzu safi na koti, mguu mmoja tayari juu ya ngazi ya lori. Karatasi zilikuwa kwapani, zimefungwa kwa kipande cha turubai.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini, mbona unahema hivyo?"

Alimwambia yote: uchovu wake, vijiti alivyochonga, uongo, na mabawa yasiyo na manyoya. Alisema akitazama vumbi la miguuni mwake. Alipomaliza, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, unapanda au hupandi?"

Mwalimu Saburi alishusha mguu. "Nenda salama, Husseini. Leo sisafiri."

"Lakini afisa anakungoja, mwalimu," alisema Sikuzani, na machozi yakamtoka.

"Ni kweli, na sijui kama atangoja tena. Umekosa, Sikuzani. Lakini na mimi nina kosa langu. Shamba lenu si mbali, na sikuja kutazama. Habari ilinifurahisha, nikaridhika nayo. Twende."

Walikaa kati ya mihogo, kimya. Dume alileta madonge ya udongo. Jike aliyapokea, akayapachika ukingoni na kuyapigapiga kwa ubavu wa mdomo wake, kama fundi anayekandika nyumba. Jua lilipokuwa likielekea alasiri, mlango ulikuwa umebaki nusu. Sikuzani, aliyewahi kumchoka ndege huyo, aliitwa kula na hakutaka kuondoka.

Mwalimu aliposafiri wiki iliyofuata, afisa alikuwa amekwenda bara, na kazi ya chapa ikasogezwa mbele kwa karibu mwaka mzima. Kijijini walikuwapo waliomcheka na kumwita mwalimu wa ndege. Sikuzani aliwasikia, ikamuuma. Alichoweza kufanya ni kwenda mtini kila siku. Siku nyingine alisema, "Leo sikuona kitu, mwalimu," na mwalimu akasema hiyo nayo ni habari, akaiandika. Hata asubuhi moja akamwona jike akiubomoa ukuta na kutoka, manyoya yake mapya yakimeta. Hilo aliliona kweli.

Hatimaye kitabu kilitoka, chembamba, jalada la kijani. Baada ya miezi, alikuja Mwalimu Mwinyijuma, aliyefundisha Soga, upande wa Kibaha.

"Wanafunzi wangu walikataa kuamini habari za hondohondo," alisema. "Walitafuta kiota kando ya reli, wakakaa wakatazama siku nyingi. Wamekuta kila kitu kama mlivyoandika. Sasa wanauliza kitabu kingine kitatoka lini."

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Saburi alimwita Sikuzani.

"Umesikia? Watoto wa Soga hawanijui mimi, wala hawakujui wewe. Walituamini tu. Mtu akikwambia uongo, kesho unaweza kumrudia ukamwuliza. Kitabu huenda mahali ambapo sisi hatupo kujibu. Kwa hiyo ukiona jambo, sema umeliona, na usipoliona, sema hukuliona, hata kama darasa zima litapiga miayo. Na ukikosea, rudi urekebishe mapema, kama ulivyofanya siku ile ya lori. Kuchelewa mwaka mmoja kumetuumiza, lakini kuwadanganya watoto wale kungeumiza zaidi."

"Nimesikia, mwalimu."

"Vizuri. Sasa niambie, unaweza kukaa karibu na siafu bila kukimbia?"

Sikuzani alifikiri kwanza. "Sijajaribu," alisema.

Mwalimu akacheka, akachukua karatasi mpya.