Kidari cha Mzee

"Nani kakuambia uikate hiyo nyama?"

Ryoba alisimama mlangoni mwa jiko la nyumba yake ya mtaa wa Mukendo, macho yamemtoka. Mchumba wake Tabitha akacheka, akidhani anataniwa.

"Wazazi wako wanakuja kuniona kabla ng'ombe wa mahari hawajaenda kwetu, na we unataka niwape maharage? Hii ni nyama ya Kikorea. Wiki nzima najifunzaga kwenye simu. Nimeigandisha kwanza ndo ikakatika nyembamba, nikailaza kwenye sosi ya soya, saumu, asali na nanasi. Unakifunga kipande kwenye jani la saladi, unatafuna. Ni ya kuchangamsha mdomo kabla ya chakula."

"Kile kilikuwa kidari!"

"Eeh, ndo maana nikatia nanasi kilainike."

"Kidari cha mzee hakikatwagi, Tabitha! Kinachomwa kizima, mzee anakata mwenyewe. Nimekitoa Butiama kwa ajili yake!"

"Ulitupia mfuko kwenye friji ukaondoka. Sisi kwetu ni watu wa samaki, Ryoba. Ningejuaje?"

Jibu lilikuwa kofi. Tabitha aliyumba, akajishika kwenye meza. Kabla hajapumua, Ryoba alimkamata kifundo cha mkono, akaukandamiza ule mkono kwenye kikaango cha moto.

Tabitha alipiga ukelele, majirani wakasikia. Wakaongeza sauti ya redio, kama kawaida ya majirani.

Honi ililia nje; wageni wamefika.

"Nenda kanawe uso," Ryoba alinong'ona. "Ukitoa neno, nakuua."

Chumbani, Tabitha akiwa ameufunga mkono kwa taulo lenye maji, ujumbe wa Ryoba uliingia kwenye simu yake: "Sema umeungua na mafuta. Hasira tu mpenzi. Nakupenda sana."

Tabitha aliusoma. Aliogopa, tena sana. Baba yake alishakubali ng'ombe, na binti kurudi nyumbani wakati huu ni aibu ya ukoo mzima. Akatoka na sahani.

Mzee Mugeta, baba yake Ryoba, alikaa kwenye kochi, mkewe mama Helena pembeni.

"Kidari changu kiko wapi?"

"Ndiyo hiki, baba," Tabitha alisema. "Nilikosea. Sikujua."

Mzee alikitazama kipande, akakifunga kwenye jani kama alivyoonyeshwa, akatafuna.

"Tamu!" mzee alisema. "Kikishaingia mdomoni mwangu, kidari kimeliwa. Leta kingine."

Ndiyo hivyo, jamani. Mkono wa mtu umeungua kwa kosa ambalo mwenye nyama hata hakulijali.

"Mkono una nini, mwanangu?" mama Helena aliuliza.

Ryoba akadakia, "Mafuta, mama. Ameungua na mafuta."

Mama alilifungua taulo taratibu. Kwenye kifundo, juu ya malengelenge, alama nne nyekundu zilionekana wazi.

"Mafuta hayanaga vidole, Ryoba."

"Mama, usiingilie!"

"Na mimi nilisemaga mafuta. Nikasema nimeanguka, nikasema mlango. Nilikuwa namsitiri baba yako, kumbe namfundisha mwanangu."

Ryoba aliipiga meza teke, sahani zikapasuka. Akamrukia Tabitha na ngumi. Mama Helena akaingia katikati, ngumi ikatua mdomoni mwake. Damu ikachuruzika kwenye gauni lake.

Kumpiga mama! Kwao hilo ni laana. Wote waligeuka kumtazama mzee Mugeta, wakisubiri asimame.

Mzee aliokota kipande sakafuni, akakipuliza vumbi.

"Mmemaliza? Kaeni tule. Mambo ya ndani hayatokagi nje."

Tabitha alihisi hofu yote imemtoka. Alichukua simu kwa mkono mzima, akampigia kaka yake aliyeko Bunda.

"Nathan? Njoo na gari Mukendo, sasa hivi. Na mwambie baba asipokee ng'ombe wa watu hawa."

"Tabitha, nisamehe," Ryoba alipiga magoti. "Nakupenda!"

"Najua. Umenipenda mpaka nimeungua. Nimekukataa, Ryoba, mbele ya wazazi wako."

Alitoka akasimama uani. Nyuma yake mzee alikuwa akiita, "Helena! Leta maji ninawe!"

Mama Helena alitoka akijifuta mdomo kwa upindo wa khanga. Mkono mwingine ulibeba mkoba wake.

"Hiyo gari ya kaka yako," aliuliza, "ina nafasi ya watu wawili?"