Mivukuto ya Nambua

Kabla ya kupambazuka, kigae kilisikika kikikwaruza majivu mekoni. Alikuwa Nambua, akiyazoa kama kila siku. Zama hizo milima ya Kirema ilikuwa na mtemi wake na chuma chake, na baba yake Nambua alikuwa mhunzi. Alipofariki, mama wa kambo, Nakunda, alimwachia binti huyo kazi ya majivu na mahali pa kulala kando ya meko. Lakini siku za baridi alimtupia ngozi ya mbuzi ajifunike. Hilo nalo lisisahauliwe.

Asubuhi hiyo baragumu lililia. Wanaume walitwaa mikuki na ngao, wakashuka bondeni kuwazuia wavamizi. Wanawake, watoto na ng'ombe wakaingia pangoni. Nambua alibeba mivukuto ya marehemu baba yake, mifuko miwili ya ngozi ya kupulizia moto.

"Umeacha chungu ukabeba hiyo?" Nakunda alifoka. "Tutakula upepo?"

Kundi moja la wavamizi lilizunguka mlima, likawasha majani mabichi mlangoni mwa pango. Moshi ukaingia. Watoto wakakohoa, kisha wengine wakanyamaza, na huko kunyamaza kulitisha zaidi.

Nambua aliona ufa nyuma ya pango, hewa ikipenya.

"Leteni ngozi! Zilowesheni kwa maziwa!"

Wakaziba mlango kwa ngozi hizo, wakaacha tundu moja. Nambua akapitisha mrija wa mivukuto hapo, akavaa mikononi kanda za ile mifuko miwili, akaanza kusukuma. Moshi ukawarudia waliowasha moto, na hewa safi ikavutwa kutoka ufani.

"Mwanamke hagusi mivukuto!" bibi mmoja alilia. "Chuma kitaharibika!"

"Kiharibike, bibi. Wewe pumua."

Mikono yake ilipolegea, mtu alimsukuma kwa bega gizani. "Sogea. Mfuko wa kulia niachie mimi." Ilikuwa sauti ya Nakunda.

Walisukuma hivyo, bega kwa bega, hadi wanaume walipopanda kutoka bondeni na wavamizi wakakimbia, macho yakiwatoka machozi. Pangoni hakufa mtu.

Lakini mwiko ulikuwa mwiko: mwanamke aliyegusa mivukuto huvuka mto, asirudi. Mrindoko, mwana wa mtemi, alisimama barazani ameshika ukanda wa mivukuto uliokatika, wenye damu, aliouokota pangoni.

"Nataka kumshukuru mwenye huu," alisema.

"Nasi tunataka kumfukuza," wazee wakajibu.

Nakunda akanyoosha mkono haraka. "Ni wangu."

"Mwongo huyu," Nambua akasema, akionyesha kiganja kilichochubuka. "Wake ulikuwa wa kulia. Huo ni wa kushoto."

Wazee hawakulegea. Wote wawili wakavuka. Mrindoko hakuweza kuutangua mwiko, ila aliwabebea mivukuto mwenyewe mpaka ng'ambo.

Wahunzi wengi wa Kirema walikuwa wameanguka bondeni siku ile. Msimu wa kulima ulipofika, Mrindoko alivuka mto na mzigo wa majembe yaliyovunjika. Nambua aliyafua upya, Nakunda akivuta mfuko wa kulia.

"Wazee wanasemaje?" Nambua aliuliza.

"Wanasema jembe halina kosa."

Nakunda alicheka, akamjazia Mrindoko uji katika kibuyu kikubwa kuliko vyote.

"Uje tena, mwanangu," alisema. "Na hao wazee uje nao. Nitawaketisha hapa kando ya meko, penye joto."